Dracula apumzike, Shing'weng'we aingie

(Mazungumzo ya redioni ya wiki hii, tunayachapa kama yalivyosomwa.)



Leo nawaalika kwenye mchezo. Zikumbukeni sinema za kale za kutisha, zile za rangi nyeusi na nyeupe, ambazo majitu yake yanajulikana dunia nzima. Humo yumo Dracula mnyonya damu, yumo maiti wa Misri aliyefufuka, yumo mtu anayegeuka mbwa mwitu, na lipo lile jitu lililoungwa kwa viungo vya wafu. Sasa jaalieni kwamba siku ya kupiga picha wote hao ni wagonjwa, na mwenye sinema anatafuta makaimu. Tena anataka makaimu wasiojulikana sana, watoke huku kwetu. Je, nani apewe nafasi ya nani?

Swali hilo ni jepesi kulitamka lakini zito kulijibu. Nasema zito kwa sababu hapa nchini wako watu waliokwisha kufa kwa sababu jitu lilichaguliwa vibaya. Lakini tusifike huko haraka. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwanza, msidhani kwamba mchezo huu wa makaimu nimeubuni mimi. Mwaka 1922 kampuni moja ya Ujerumani iitwayo Prana-Film ilitaka kutengeneza sinema ya Dracula, kutoka kitabu cha Bram Stoker kilichotolewa 1897. Haki ya kitabu haikuwa nayo. Basi ikafanya ujanja. Dracula akaondolewa, akawekwa mtu mwingine aitwaye Count Orlok, kipara, masikio yamechongoka, kucha ndefu kama za tai. Sinema ikaitwa Nosferatu, na mwongozaji wake alikuwa F. W. Murnau. Mjane wa Stoker, Bibi Florence, alipopata habari akaenda mahakamani, na mahakama ya Ujerumani ikaamuru nakala zote ziteketezwe. Baadhi zilinusurika, ndiyo maana hadi leo watu wanaiona.

Sasa angalieni kazi aliyoifanya kaimu huyo. Katika kitabu, Dracula anaweza kutembea mchana, ingawa nguvu zake hupungua. Orlok aliuawa na mwanga wa asubuhi. Tangu hapo wanyonya damu wa sinema, kizazi baada ya kizazi, wanalikimbia jua, na watazamaji wanadhani ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Kumbe ni mchango wa kaimu! Maana yake ni kwamba kaimu hakalii kiti tu. Anaibadili kazi yenyewe, na baada ya muda watu wanasahau ilivyokuwa kabla yake. Kwa hiyo anayechagua kaimu ana dhamana.

Haya, tuanze uteuzi.

Mwaka 1932 kampuni ya Universal ya Marekani ilitoa sinema iitwayo The Mummy. Ilikuwa miaka kumi baada ya kufukuliwa kaburi la mfalme Tutankhamun kule Misri, na dunia nzima ilikuwa bado inazungumzia maiti waliozungushiwa sanda na kukaushwa. Mwigizaji Boris Karloff akawa kuhani aliyefufuka baada ya kijana mmoja kusoma maandishi asiyopaswa kuyasoma. Kaimu wake huku kwetu ni nani? Wala hatuhitaji kwenda mbali, kwa maana jina ni lile lile. Ni mumiani.

Naam, ndugu wasikilizaji, neno mumiani na neno la Kiingereza la maiti wa Misri ni mtu na ndugu yake. Yote mawili yametoka Uajemi, katika neno la kitu cheusi kama lami kilichotumiwa kuwa dawa ya mifupa iliyovunjika. Wazungu wa zamani walidhani maiti wa Misri wamepakwa lami hiyo, wakawa wanawasaga na kuuza unga wao katika maduka ya dawa. Huku pwani ya Afrika Mashariki dawa ile ililetwa kwa majahazi, na watu wakaamini kwamba ni damu ya binadamu iliyogandishwa. Kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939 chini ya Frederick Johnson inaeleza kwamba uvumi wa mumiani ukizuka mjini, watu hujaa hofu na ni wachache wanaothubutu kutoka nyumbani baada ya jua kuzama.

Basi mumiani wetu akipewa nafasi ya yule maiti wa Karloff, sinema inabadilika. Maiti wa Misri ni mmoja, ana jina, ana kaburi, na anakuja kwa sababu kaburi lake limechokozwa. Mumiani hana kaburi. Anakuja na gari. Wakati wa ukoloni, katika miji ya Kenya na Uganda, wananchi waliamini kwamba wazimamoto, wale wa magari mekundu, hukamata watu usiku na kuwatoa damu. Msomi Luise White wa Marekani aliandika kitabu kizima juu ya uvumi huo mwaka 2000. Kinachoonekana humo ni kwamba watu hawakuwa wajinga. Waliona serikali ngeni inachukua kodi, inachukua vijana kwenda kazini na vitani, inachukua ardhi, wakasema kwa lugha yao: hawa wanatunyonya. Lakini tazameni nani alilipa deni la uvumi huo. Gavana hakuguswa. Aliyeogopwa na kukimbiwa mitaani ni mzimamoto, mwananchi mwenzao mwenye mshahara mdogo.

Twende kwa wa pili. Mwaka huo huo wa 1932 ilitoka sinema White Zombie. Aliyecheza humo ni Bela Lugosi, yule yule aliyekuwa Dracula mwaka 1931. Mambo yanatendeka Haiti, nchi ya watu weusi waliopelekwa kulima miwa wakiwa watumwa. Wafu waliofufuliwa wanasukuma kinu cha sukari usiku kucha. Mmoja anatumbukia kinuni, na wenzake hata hawageuki kutazama.

Kaimu hapa ni msukule, na nadhani kila mmoja wenu anamfahamu. Ni mtu ambaye ndugu zake wamemzika na kumlilia, kumbe, kwa imani ya wengi, yuko kwa mchawi analimishwa usiku, ulimi umekatwa, chakula chake pumba. Watu wa Haiti walikuwa wametoka katika utumwa wa mashamba, hivyo si ajabu jinamizi lao likawa ni kufanya kazi hata baada ya kufa. Nasi tunalo jinamizi letu hilo hilo la jasho lisilolipwa. Lakini hapa pia angalieni tofauti. Katika sinema mwenye zombi ni tajiri mgeni mwenye kinu. Katika uvumi wetu mwenye msukule ni jirani ambaye mpunga wake umestawi mwaka ambao wa wengine umekauka.

Wa tatu ni yule wa mbwa mwitu. Sinema The Wolf Man ilitoka 1941. Kijana anang'atwa, anageuka mbwa mwitu usiku, anaua, asubuhi hakumbuki. Mwisho wake unauma sana. Baba yake anakutana na mnyama msituni, anampiga kwa fimbo yenye kichwa cha fedha mpaka anakufa, halafu yule mnyama anarudi kuwa mwanawe. Baba alipiga kwanza, akajua baadaye. Naomba mliweke hilo akilini, tutalihitaji.

Kaimu wake ni mtu-simba wa Singida. Katika miaka ya 1940 watu wa Singida walikuwa wakiuawa kwa majeraha yanayofanana na ya makucha. Wengi waliamini kwamba ni binadamu wanaogeuka simba. Uchunguzi ulionyesha kwamba walikuwapo watu waliovalishwa ngozi za simba na kutumwa kuua kwa malipo. Simba yule alikuwa biashara ya watu. Aliyekuwa na ugomvi wa shamba au wa ng'ombe aliweza kumkodi.

Na Dracula mwenyewe? Nafasi yake tumpe Popobawa wa Pemba, mwenye jina la popo na la bawa. Dracula naye hugeuka popo, kwa hiyo hata mavazi hayatabadilishwa. Popobawa alitikisa Pemba mwaka 1995, akavuka kwenda Unguja, uvumi ukafika hadi Dar es Salaam, na mwaka 2007 ukarudi tena. Watu wazima na akili zao walilala nje, barazani na uani, wamewasha moto, wanakesha kwa vikundi kwa sababu ilisemekana humwingilia mtu aliyelala peke yake ndani. Wako waliocheka, hasa waandishi wa nchi za nje. Mimi sicheki. Mwaka huo wa 1995, mjini Zanzibar, kijana mmoja mwenye maradhi ya akili aliuawa na umati uliodhani kwamba ndiye Popobawa.

Ndugu wasikilizaji, sasa mnaona mchezo wetu unakoelekea. Makaimu wanne tumewateua, kila mmoja ana sifa zake, na wote wana ila moja. Dracula anakaa kwenye kasri lake Transylvania. Ukitoka sinemani humwoni mtaani kwako mtu wa kumfananisha naye, wala jirani mwenye jeneza sebuleni. Lakini makaimu wetu wote wanavaa sura ya mtu wa karibu. Mumiani ni yule mzimamoto. Mwenye misukule ni yule mkulima hodari. Mtu-simba ni yule kijana mgeni. Popobawa ni yule mgonjwa anayetangatanga usiku. Taa za sinema zikiwashwa, Dracula anabaki kwenye kitambaa cheupe. Wa kwetu anatoka na wewe mlangoni.

Imebaki nafasi moja, ile ya Frankenstein, sinema ya 1931 iliyoongozwa na James Whale. Wengi wanadhani Frankenstein ni jina la jitu. Siyo. Ni jina la msomi aliyelitengeneza jitu kwa viungo vya maiti, kisha akalikimbia. Jitu halikuomba kuzaliwa. Linamtupa mtoto ziwani likidhani ataelea kama maua waliyokuwa wakiyarusha pamoja, mtoto anazama. Basi kijiji kizima kinatoka na mienge na mbwa, kinalifukuza jitu mpaka kwenye kinu cha upepo, kinakitia kinu moto. Na yule msomi? Amepelekwa nyumbani anauguzwa, na baba yake ananyanyua glasi kumtakia heri.

Kaimu wa jitu hilo ni nani? Ningependa kusema hayupo. Lakini yupo, tena kazi hiyo alikwisha kupewa zamani na wala si katika sinema. Ni bibi kizee mwenye macho mekundu.

Twende Shishiyu. Shishiyu ni kata ya wilaya ya Maswa, katika mkoa wa Simiyu ambao makao yake makuu ni Bariadi. Mkoa huo ulimegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012. Ni nchi ya Wasukuma, nchi ya pamba na ng'ombe, anga pana na miti michache. Zamani miti ilikuwa mingi. Wakati wa ukoloni misitu ilifyekwa ili kuwafukuza mbung'o, kisha ikafyekwa tena kupanua mashamba ya pamba, na mifugo ikamaliza machipukizi. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ili kurudisha miti na kufufua ngitili, yale malisho ya akiba ya Wasukuma.

Sasa pale ambapo kuni ni adimu, mama anapika kwa nini? Anapika kwa mabua ya pamba na kwa mavi ya ng'ombe yaliyokauka. Nyumba ya kupikia haina dirisha. Moshi wake unakata kama kisu. Mwanamke akiinama kwenye moshi huo tangu akiwa msichana mpaka anapata wajukuu, macho yake yatakuwa na rangi gani? Yatakuwa mekundu, ndugu wasikilizaji, kama ambavyo yangekuwa yangu na yako. Na macho hayo hayo, yaliyoharibika kwa kuwapikia wengine chakula, ndiyo yaliyofanywa ushahidi wa uchawi.

Tume iliyochunguza mauaji yanayohusishwa na imani za uchawi ilihesabu watu zaidi ya 3,600 waliouawa Tanzania Bara kati ya mwaka 1970 na 1984. Wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume, na zaidi ya nusu ya mauaji yote yalitokea katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga ya wakati ule. Mauaji hayakuishia hapo. Ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimeendelea kuyataja mwaka hadi mwaka. Na tangu katikati ya miaka ya 2000, watu wenye ualbino nao wakageuzwa mawindo Kanda ya Ziwa, viungo vyao vikauzwa. Mumiani, ambaye kwa wazimamoto alikuwa uvumi, hapa akawa kweli, akapata na wateja.

Mtauliza sinema zinahusikaje hapo. Zinahusika hivi. Majumba makubwa kama Avalon na Empress ya Dar es Salaam, Majestic ya Unguja na Liberty ya Mwanza yalikuwa ya watu wa mjini. Lakini mikanda ya video ilipoingia, kila senta ya biashara ilipata kibanda chenye jenereta, televisheni na mabenchi. Watafsiri wakazuka, maarufu kupita wote akiwa Lufufu, wakawa wanatia Kiswahili juu ya picha za kigeni. Baadaye tukaanza kutengeneza zetu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mussa Banzi alitoa filamu ya Nsyuka, na jina hilo ni la zimwi katika lugha ya Kinyakyusa. Kwa hiyo mchezo wetu wa makaimu si ndoto. Watengeneza filamu wa Dar es Salaam walikwisha kuuanza, na nawapongeza kwa kuona kwamba hatulazimiki kuazima jeneza la Transylvania.

Lakini hesabuni wenyewe ni filamu ngapi mlizoziona ambazo mchawi ni bibi kizee, kanga imefungwa kifuani, macho yamepakwa wekundu, anacheka usiku kwenye ungo. Filamu hiyo inapigwa picha Dar es Salaam, inauzwa Kariakoo, halafu inasafiri kwa basi mpaka kwenye senta ya kijiji. Huko inatazamwa na kijana ambaye jirani yake ni bibi kizee, amefunga kanga kifuani, na macho yake ni mekundu kwa moshi. Mtu wa mjini anasema, aa, hayo ni mambo ya vijijini. Hapana. Picha imetoka mjini. Kijijini wameipokea tu.

Basi niruhusuni nimtaje kaimu wangu, ambaye hakuwamo katika orodha ya kwanza. Ametoka huko huko Usukumani, na kila mzee wa Kisukuma anamjua. Anaitwa Shing'weng'we.

Kwa wasiomjua, hadithi yake ni hii kwa ufupi. Shing'weng'we alikuwa zimwi kubwa mno. Alikuja akameza watu wote, akameza ng'ombe, mbuzi na kuku, nchi ikabaki kimya. Alinusurika mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha katika lundo la makapi. Mama huyo akajifungua mtoto wa kiume, akamwita Masala Kulangwa, jina ambalo kwa Kiswahili chepesi ni mwenye akili, mwepesi wa kuelewa. Mtoto alipokua akauliza, mama, mbona tuko wawili tu, watu wengine wako wapi? Mama akamwambia, wamemezwa na Shing'weng'we.

Mtoto akashika silaha akaenda kumtafuta. Akaua panzi, akamletea mama yake: mama, huyu ndiye Shing'weng'we? Mama akasema, hapana mwanangu, huyo ni panzi. Akaenda tena, akaua ndege. Mama, ndiye huyu? Hapana, huyo ni ndege. Akaenda tena, akaleta swala. Hapana, huyo ni swala. Hata siku moja akakutana na zimwi lenyewe, akapigana nalo, akaliua. Akalipasua tumbo, na watu wote wakatoka wazima, na ng'ombe wao, na mbuzi wao. Lakini katika kupasua, kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa ndani. Bibi akakasirika, akataka kumdhuru kijana. Masala Kulangwa akatafuta dawa, akalitibu sikio lake mpaka likapona. Ndipo watu wakamfanya mtemi.

Hadithi ya zimwi limezalo watu wote iko kwa mataifa mengi ya Afrika. Wasotho kule kusini wanalo zimwi lao Kholumolumo. Lakini hebu mpimeni Shing'weng'we kama kaimu. Akichukua nafasi ya King Kong wa 1933, hahitaji kupanda jengo refu la New York wala kupigwa risasi na ndege za kijeshi. Kijana mmoja na silaha yake wanatosha. Na ukubwa wake ndio wema wake. Huwezi kutoka kwenye kibanda cha video ukamwona jirani yako ukasema, ehe, huyu ndiye Shing'weng'we. Hakuna jirani mwenye tumbo la kutosha kijiji kizima na mifugo yake. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Huyu hamjui mtu, anameza wote, tajiri na maskini, kwa hiyo humfanya kila mtu awe upande mmoja na mwenzake.

Pili, tazameni yule kijana anavyouliza. Kila anapoua anarudi kwa mama yake na swali: je, ndiye? Na mama, ambaye kwa kweli alimwona Shing'weng'we kwa macho yake, hana haraka ya kumfurahisha mwanawe. Anamwambia ukweli: huyo ni panzi. Mlinganisheni mama huyo na mpiga ramli. Kijana aliyefiwa na mtoto au aliyepoteza ng'ombe anakwenda kwa mpiga ramli na swali lile lile: je, ndiye yule bibi? Mpiga ramli anapokea fedha, anatikisa kibuyu, anajibu: ndiye. Januari 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli, na Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928. Lakini sheria haiwezi kukaa katika kila nyumba na kusema, hapana mwanangu, huyo ni panzi. Hiyo ni kazi ya mama, ya baba, na ya mzee wa ukoo. Baba wa The Wolf Man hakuwa na wa kumuuliza, na tumeona aliyemuua.

Tatu, na kwangu hili ndilo kubwa kuliko yote, ni lile sikio. Wazee waliotunga hadithi ile wangeweza kumalizia kwenye ushindi: zimwi limekufa, watu wametoka, ngoma zinalia. Hawakumaliza hapo. Walimweka bibi kizee aliyejeruhiwa na shujaa mwenyewe. Tena bibi huyo si mpole. Ana hasira, anatisha, wako wasimuliaji wanaosema alitaka hata kumroga kijana. Kama kuna mahali ambapo hadithi ingeweza kuruhusu bibi kizee auawe, ni hapo. Lakini shujaa hakumwua. Alikiri kwamba kisu kilikuwa chake, akatafuta dawa. Na utemi aliupata baada ya kutibu sikio.

Najua wako watakaonipinga. Watasema, ndugu yetu, sinema ni sinema, hakuna anayeua kwa sababu ya mkanda wa video. Ni kweli, hofu ya uchawi ilikuwapo kabla ya video. Watu huua kwa sababu ya msiba usio na maelezo, kwa sababu ya urithi wa shamba, kwa sababu ya zahanati iliyo mbali, na kwa sababu kuna wauaji wa kukodi. Sinema haiumbi hofu hiyo. Lakini inaipa sura, na hofu ikiisha kupata sura huanza kutafuta anwani. Orlok mmoja alitosha kuwafanya wanyonya damu wa dunia nzima waogope jua. Sasa filamu mia za bibi kizee mwenye macho mekundu zinatufundisha nini?

Kwa hiyo ombi langu kwa watengeneza filamu ni kwamba tutisheni, ndiyo, kwani mtu hulipa kiingilio ili atishike. Lakini leteni mazimwi makubwa. Leteni Shing'weng'we, mumtengeneze kwa matambara, kwa udongo au kwa kompyuta, shauri yenu. Na mkitaka kumwonyesha bibi kizee wa Shishiyu, mwonyesheni akipika. Uonekane moshi, uonekane mlango usio na dirisha la jirani, watazamaji wakohoe pamoja naye. Wataelewa yale macho bila mhubiri.

Na kwako wewe msikilizaji wa mjini, unayenunua filamu hizo na kuzituma kijijini pamoja na sukari na sabuni, angalia kwanza ni zimwi gani unalolituma. Ukiweza, tuma na jiko lisilotoa moshi mwingi. Jiko hilo litaokoa macho, na huenda likaokoa na shingo.

Kwa leo naishia hapa, ndugu wasikilizaji. Panapo majaliwa tukutane wiki ijayo, wakati kama huu.